Serikali ikisema usitumie brauza fulani, ina maana gani hasa?

Juzi baada ya alasiri ami yangu alikuja hapa saiba Langoni, Lamu, hata hakukaa, akanipa simu nisome. Meseji ya WhatsApp, imefowadiwa mpaka imechoka, herufi kubwa tupu: SERIKALI YAPIGA MARUFUKU INTERNET EXPLORER, MSIFUNGUE MTAIBIWA. Tarehe haina, na serikali ya wapi haijasemwa. "Sasa mwanangu, mimi nishaingia intaneti tangu asubuhi, itakuwaje?" Nikamwambia ami, Internet Explorer ni brauza ya zamani ya Microsoft ya kwenye kompyuta, kwenye simu hiyo huna na hujapata kuwa nayo, kaa unywe maji kwanza. Lakini habari yenyewe si ya kutunga moja kwa moja, ina asili yake, na nilivyomweleza yeye ndivyo nawaeleza na nyinyi.

Kwanza tuondoe hilo neno marufuku. Onyo la namna hii si sheria, hushtakiwi ukifungua brauza. Linatolewa na kitengo cha serikali kinachoangalia usalama wa mitandao, Ujerumani wana BSI, Marekani walikuwa na US-CERT ambayo kazi yake siku hizi iko CISA, na sisi Kenya tuna KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ni kama wale wa hali ya hewa wakitwambia kusi imekaza vyombo vidogo visitoke, bahari hawajaifunga, ukitaka kutoka toka, ila umeshaambiwa.

Sasa brauza ni nini, maana watu wanaitumia kutwa bila kujua jina lake. Ni ile programu unayofungulia saiti, Chrome, Firefox, Safari, Edge, shuleni wanaiita kivinjari. Kila saiti unayofungua inakuletea maandishi na picha na pia maagizo, yaani kodi (code, si ile ya nyumba) ambayo kompyuta yako inaifanyia kazi hapo hapo, imeandikwa na mtu usiyemjua hata kwa sura. Hapa Lamu hili ni rahisi kulielewa kwa sababu nyumba zetu za kale zimejengwa hivyo hivyo. Mgeni anapokewa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, anakaa barazani, anapewa kahawa yake, mazungumzo yake yanaishia pale, hapiti mpaka kiwandani, yaani uani, seuze ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za sahani za bibi. Brauza nzuri inaiweka kodi ya saiti dakani. Brauza yenye shimo ni nyumba ambayo mgeni amekaa dakani kwa adabu zote, ukigeuka kuchukua kahawa yuko ndani anafungua sanduku, na mlango hujasikia ukilia.

Na shimo halitoki kwa uchawi. Programu ikifanya kazi inakodi vyumba kwenye memori ya kompyuta, ikimaliza na chumba inakirudisha. Kuna kosa moja maarufu sana, programu inarudisha chumba halafu inasahau kwamba imekirudisha, inaendelea kutuma mtu kule kana kwamba bado ni chake, na haka, mwizi wa mitandaoni, keshahamia mle na virago vyake. Basi kila ukipelekwa ujumbe chumbani kule anaupokea mwizi, na jibu analorudisha brauza inalitii, inadhani inajisikiliza yenyewe. Mashimo ya Internet Explorer yaliyoleta kelele 2010 na 2014 yote yalikuwa ya aina hii, na wewe hukutakiwa kudaunilodi chochote wala kubonyeza "ndiyo", kufungua tu saiti iliyotegwa kulitosha.

Ila mashimo yanapatikana kila mwezi na serikali hazipigi kelele kila mwezi. Kelele inakuja pale wezi wanapolijua shimo kabla ya fundi, wameshaanza kuingia na kiraka, yaani apdeti ya kuliziba, hakipo. Hilo ndilo wanaloliita shimo la siku sufuri, maana mtengenezaji alipopata habari alikuwa na siku sufuri za kujiandaa. Wakati kama huo kukwambia "apdeti" ni kazi bure kwa sababu hakuna cha kuapdeti, linabaki moja tu la kusema, hamia brauza nyingine kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 2010. Tarehe 12 Google walitangaza kwamba wamevamiwa, shambulio limetoka China, na kampuni nyingine zisizopungua 20 nazo zimelengwa. Siku mbili baadaye Microsoft wakakiri kwamba shimo la Internet Explorer limetumika. Tarehe 15 BSI wakawaambia Wajerumani watafute brauza nyingine mpaka lizibwe, na Wafaransa wakafuata. Microsoft hawakupenda, wakasema mashambulio waliyoyaona yanalenga Internet Explorer 6, ya zamani, watu wapande toleo la 8 tu inatosha, na serikali ya Uingereza nayo haikuwaambia watu wahame. Kiraka kikatoka tarehe 21. Kwa hivyo onyo lenyewe lote lilikuwa na maisha ya kama wiki moja!

Wajerumani walirudia Septemba 2012 kwa shimo jingine. Halafu mwisho wa Aprili 2014 ikawa zamu ya Wamarekani kushauri watu wafikirie brauza nyingine, shimo lilikuwa kwenye matoleo ya 6 mpaka 11, na ubaya zaidi Windows XP, mfumo wa zamani wa kompyuta wa Microsoft, ilikuwa imeachwa bila apdeti tangu tarehe 8 mwezi huo huo. Kiraka kilitoka tarehe 1 Mei, na Microsoft wakaona bora wawape hata wale wa XP.

Utauliza mbona watu hawakuhama zamani wakapumzika. Wengine walikuwa wamefungwa. Korea Kusini kwa miaka mingi huduma za benki mtandaoni zilitegemea kitu kinaitwa ActiveX kinachofanya kazi ndani ya Internet Explorer, hamia kwingine uone kama utalipa. Hata mimi nilipata kufanya kazi ofisi moja, siitaji, mfumo wao ulikuwa haufunguki popote ila humo, na bosi akituletea memo ya usalama tunaisoma kwenye brauza hiyo hiyo tunayokatazwa.

Siku hizi Internet Explorer imestaafu rasmi, tarehe 15 Juni 2022, ingawa ndani ya Edge bado kuna sehemu ya kufungulia saiti zile za kizee. Na maonyo yamebadilika sura. Chrome nayo inapata mashimo ya siku sufuri, tena si mara moja kwa mwaka, lakini kwa kawaida tangazo linakuja na kiraka chake mkononi, kwa hivyo serikali zikisema kitu zinasema apdeti, mara chache sana hama. Kwa maoni yangu onyo la kweli utalijua kwa kuwa linachosha kulisoma, lina jina la brauza, namba ya toleo, tarehe, na la kufanya. Ile ya ami ilikuwa na jina la brauza tu, namba ya toleo wala tarehe haina, iliyobaki ni hofu na herufi kubwa.

Nikamwambia lete simu tuangalie Chrome yako. Play Store inaonyesha apdeti imekwama, storeji imejaa, sijui tangu lini. Kumbe video za harusi ya binamu, kila moja kaipokea kwenye magrupu matatu. Tukafuta zilizojirudia, yeye anashika kila moja anauliza hii ipo pengine kweli, mpaka adhana ya magharibi inakaribia. Apdeti yenyewe ilishuka kwa dakika tatu kwa waifai ya hapa.