Baridi ya Njombe na mafuta ya gari: yasemwayo na yalivyo

"Gari likiamka na baridi, liache lingurume dakika kumi." Julai, saa kumi na mbili asubuhi, pita mitaa ya Njombe: magari yanafuka moshi uani, wenyewe wako ndani wanakunywa chai. Enzi za kabureta na choki ilikuwa na maana. Gari la injeksheni, linalopimiwa petroli na kompyuta, halihitaji. Injini isiyovuta mzigo huchelewa kupata moto, na muda wote huo kompyuta inaizidishia petroli. Washa, futa umande kiooni, nusu dakika imetosha oili kuzunguka. Ondoka taratibu, usikanyage sana mpaka mshale wa joto upande. Giabox na difu nazo hupata moto kwa kutembea tu.

"Themostati ni ya Ulaya, itoe." Hili ndilo linalonikera. Gari langu nililinunua Dar limeshatolewa themostati, eti lisichemshe. Kupanda nalo huku, mshale ukawa unalala robo tu, hata baada ya kilomita thelathini, na tangi linakwisha kabla ya wiki. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanapoa kabla hayajapata moto, sensa inaiambia kompyuta injini bado baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli, asubuhi mpaka jioni. Gari likichemsha, dawa ni kutafuta rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au maji yanayovuja. Nilirudisha themostati, mshale ukapanda katikati ukatulia.

"Hita inakula mafuta." Hapana, inatumia joto la maji ya injini ambalo lingepotea bure. Inayokula ni AC. Angalia usiwe umeiacha imewaka.

"Tairi nilijaza juzi mchana, liko sawa." Kila joto likishuka nyuzi 10, upepo hupungua karibu psi 2, na tairi lenye upepo pungufu huburuta gari. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima ukitoka safari, geji itakudanganya.

Na wale wanaowahi sheli alfajiri wakiamini petroli ya baridi inakuwa nzito, wapate zaidi kwa bei ileile? Matangi yamefukiwa ardhini. Huko chini joto halibadiliki kati ya alfajiri na adhuhuri, lala tu.