Alama 100 si ushahidi: dhana potofu kuhusu zana za kupima ufikivu wa tovuti

Dhana: Zana za bure za kivinjari ni za wanaojifunza tu; kazi ya kweli inataka zana ya kulipia.

Fungua Chrome, bonyeza F12, uendeshe Lighthouse, zana ya bure iliyomo humo inayoupa ukurasa alama hadi 100. Injini inayokagua ufikivu humo, yaani kama watu wenye ulemavu wanaweza kuitumia tovuti, ni axe-core ya kampuni ya Deque, iliyotolewa bure mwaka 2015, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye bidhaa inazouza. Lighthouse hutumia sehemu tu ya kanuni zake. Firefox nayo hukuonyesha kila kitufe kina jina gani mbele ya kisoma skrini (programu inayomsomea asiyeona ukurasa kwa sauti), na hupima kama maandishi yanatofautiana vya kutosha na rangi iliyo nyuma yake. Kwa maandishi ya kawaida, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, hutaka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1.

Dhana: Ukipata 100, tovuti iko tayari kwa watu wasioona.

Hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Mwaka 2019 msanidi wa tovuti Manuel Matuzović alitengeneza makusudi ukurasa usiotumika kwa kibodi, kipanya wala kisoma skrini, na Lighthouse ikaupa 100.

Mfano wa karibu nasi ni tovuti ya Kiswahili iliyojengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza, ambamo lang="en", tamko la msimbo kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, limesahaulika bila kubadilishwa. Zana inaona lugha imetajwa, inapitisha. Kumbe kisoma skrini kinachofuata tamko hilo kitasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, na mzazi asiyeona anayetafuta kiasi cha ada ya shule hataambulia neno. Dawa yake ni herufi mbili: en iwe sw. Inaniuma kila ninapoikuta, kwa kuwa hakuna mashine iliyolalamika.

Dhana: Kama ni hivyo, zana ya kulipia itaona yaliyobaki.

Mwaka 2017 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kiliandaa ukurasa wenye vizuizi zaidi ya 140 na kuujaribu kwa zana kumi. Iliyoongoza haikugundua hata nusu yake. Programu inajua kwamba picha haina maelezo; haijui kama maelezo yaliyopo ni ya kweli.

Unacholipia hasa ni ukubwa wa kazi: kukagua maelfu ya kurasa kwa ratiba, kutunza kumbukumbu ya kasoro, kumgawia kila msanidi zake. Benki au chuo kikuu kinahitaji hayo. Tovuti ya kurasa ishirini haihitaji, kwa maoni yangu. Pesa hiyo mlipe mtumiaji wa kisoma skrini aijaribu mbele yako.

Kabla ya kununua chochote, weka kipanya kando. Pita ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab, kisha pakua NVDA, kisoma skrini cha Windows ambacho ni bure, ufumbe macho ujaribu kujaza fomu yako mwenyewe. Ukikwama kabla ya kufikia kitufe cha kutuma, anza kurekebisha hapohapo.