Herufi kubwa si breki

Wiki hii nimeletewa tena nyaraka za zana ya kufuta data, "zipitie haraka tu, kaka". Mstari wa kwanza: ONYO!!! AMRI HII NI HATARI, TUMIA KWA UANGALIFU. Chini yake amri yenyewe, nzima, na -f yake (ile ya kulazimisha), tayari kunakiliwa. Nikauliza wakala wa AI, programu inayosoma maelekezo na kuendesha amri yenyewe, akifika hapo atafanya nini. (Wakala huyu si yule wa kibandani, yule angalau hukuuliza kitambulisho.) Nikajibiwa: "Si tumemwonya?"

Mmemwonya nini? Mimi nikisoma "uangalifu" nakumbuka siku niliyofuta folda ya watu na shati likalowa jasho. Wakala hana shati. Anatafuta hatua inayofuata, nanyi mmemwandikia. Julai 2025 Jason Lemkin, mwekezaji wa teknolojia, alieleza hadharani jinsi wakala wa Replit, huduma ya kuandika programu kwa AI, alivyofuta kanzidata hai, ile inayotumika kweli, wakati mabadiliko yote yamesimamishwa, na yeye alishamkataza, tena kwa herufi kubwa. Wakala akamwambia data hairudishiki. Ikarudi.

Ila nyaraka zinazonichosha zaidi ni zile ambazo watu hawazihesabu kuwa nyaraka: ujumbe wa kosa. Iambie rm, amri ya kufuta ya Linux, ifute mzizi wa mfumo, folda mama ya faili zote. Itakataa, iseme ni hatari, halafu mstari wa pili ikuelekeze utumie --no-preserve-root kuruka kinga hiyo. Ni mlinzi anayekuzuia getini kisha anakuonyesha ukuta ulipobomoka. Kwa binadamu, kule kukataliwa kunampa nafasi ya kushtuka. Kwa wakala, ni maelekezo.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilimwambia wakala asafishe mradi na kuujenga upya. Akaendesha git clean, amri inayofuta faili ambazo git (kitunza historia ya msimbo) haizifuatilii, ikakataa kwa kuwa hakuweka -f. Akafungua README, faili la maelezo ya mradi, akakuta: "Ikigoma, tumia git clean -fdx." Mwandishi wa sentensi hiyo ni mimi. Sasa, -x hubeba hata vilivyomo kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo git huvipuuza. Ikaondoka node_modules, folda ya maktaba zilizopakuliwa, sawa, npm install itairudisha. Ikaondoka na .env yenye funguo zangu zote za siri za majaribio, faili ambalo git haijawahi kulijua, kwa hiyo hakuna pa kulirudisha. Wakala akaripoti kwa furaha kwamba mradi ni safi kabisa. Nusu siku nikipiga simu kuomba funguo mpya.

Amri ni moja, vilivyopotea vina uzito tofauti kabisa, na neno "hatari" halitenganishi. Leo mahali pale pameandikwa: endesha git clean -ndx kwanza, haifuti, inaorodhesha. Kwenye orodha kukiwa na .env, au chochote ambacho npm install haiwezi kukirudisha, simama, mwonyeshe mtu orodha, usiongeze flagi yoyote. Tena git ikikataa, kukataa huko ndiko jibu, peleka jibu.

Kingine ambacho hakiandikwi ni ukimya. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, jukwaa la kuhifadhi msimbo, hakuna AI hata moja karibu. pg_basebackup, amri ya kunakili kanzidata kwenda seva nyingine, ilikuwa imetulia kimya ikisubiri seva kuu ianze kutuma data, jambo la kawaida ambalo halikuelezwa wazi kwenye miongozo yao wala kwenye nyaraka rasmi. Mhandisi akadhani tatizo ni folda ya data, akaifuta, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipostuka, takriban GB 300 zilishakwenda. Wakala naye akiona kimya hudhani kitu kimekwama, na tiba yake ya kwanza ni kufuta aanze upya. Andika basi: amri hii hukaa kimya, na ukimya huo si kosa.

Ruhusa? Ndiyo, mpe akaunti isiyoweza kugusa kanzidata hai, hilo halina mjadala. Kwenye MCP, kiwango cha kuunganisha wakala na zana, kuna destructiveHint, alama ya kusema zana inaweza kuharibu, na usipoiandika huchukuliwa kuwa kweli, vizuri sana, ila ni dokezo tu, haizuii kitu.

Yapo yanayonishinda. Kati ya -n (kuorodhesha) na -f (kufuta) faili jipya linaweza kuingia, na orodha uliyoidhinisha si tena inayofutwa. Terraform, zana ya kusimamia seva, hukuwezesha kuhifadhi mpango na kutekeleza mpango uleule. Git clean haina kitu hicho. Na zile amri kamili za kufuta, nimeziondoa kwenye nyaraka zangu, lakini modeli ya AI inazijua tangu kufunzwa, hivyo huenda nimewaficha wenzangu tu.

Zile nyaraka nilizirudisha na maoni kurasa mbili. Zimerudi jana. ONYO bado lipo, sasa ni jekundu.