Kwa nini maranda ya vifaranga wa bata hulowa kabla ya saa sita mchana?

Asubuhi umemwaga maranda makavu, yamenona kama godoro jipya, ukaenda zako kazini. Unarudi mchana unakuta pembeni ya chombo cha maji pamekuwa tope, vifaranga wameloa tumbo, na harufu inakupokea mlangoni. Jirani yako ana vifaranga wa kuku idadi ileile na maranda yake hayana neno hadi Jumapili. Unaanza kumshuku fundi seremala aliyekuuzia.

Fundi hana kosa. Kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa dakika tano, umtazame kifaranga mmoja tu. Anadonoa pumba mara mbili tatu, anakimbilia maji, anatumbukiza mdomo mzima, anapuliza hadi mapovu yanatoka puani, kisha anatikisa kichwa na kurusha matone huku na huko. Anarudi kwenye chakula mdomo ukichuruzika. Safari hiyo haina mwisho mchana kutwa. Kuku huchota tone, akainua kichwa, limeshuka, yameisha. Bata anakunywa, anasukutua na kunawa uso kwa wakati mmoja. Halafu kuna kinyesi: takriban asilimia 90 yake ni maji. Ongeza ukuaji wa haraka, kwamba kifaranga wa wiki tatu anakula na kumwaga mara kadhaa ya alivyofanya wiki ya kwanza, utaelewa kwa nini kiasi cha maranda kilichotosha mwezi ulipoanza hakitoshi tena.

Wengine wakishachoka huamua kupunguza maji. Usifanye hivyo. Chakula kikavu bila maji kinaweza kumkaba bata, na asipopata kina cha kuzamisha pua, unga humgandia puani na machoni. Kama ni lazima uondoe maji kwa muda, ondoa na chakula pia.

Kinachosaidia ni kuyapa maji yanayomwagika mahali pa kwenda. Mimi natumia beseni pana la plastiki, juu yake fremu ya mbao iliyofungwa wavu wa matundu madogo kiasi kwamba mguu hauzami, na chombo cha maji kinakaa juu ya wavu huo. Wakitikisa vichwa, maji yanadondokea beseni, nami nalimwaga asubuhi na jioni. Chombo chenyewe ni dumu la lita 5 lililotobolewa ubavuni: kichwa kinapita, mwili haupiti. Ukiwaachia sahani ya wazi wataigeuza bwawa la kuogelea. Chakula nakiweka jirani na wavu, ili zile mbio za kwenda na kurudi zisipite katikati ya chumba. Tangu hapo sehemu inayoloa ni ukingo mdogo tu, nao nauchota kwa koleo na kufunika kwa maranda mapya.

Kwa nini tusumbuke hivyo kwa ndege wa maji? Kwa sababu kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine, au chini ya kuku, hana mama bata wa kumpaka mafuta, na tezi yake ya mafuta iliyo juu ya mkia bado changa. Akiloa, yale manyoya laini hayamkingi tena na baridi. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi kama 32, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Mjini Moshi, chini kule kwenye tambarare, kosa dogo linaweza kusameheka. Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hausamehi.

Na ndipo wengi wetu tunapokosea mara ya pili: baridi ikibisha, tunaziba kila tundu kwa magunia. Mvuke wa pumzi na kinyesi unapanda, unagusa mabati yaliyopoa usiku, unageuka matone. Asubuhi unakuta banda linavuja na mvua haijanyesha. Ziba chini, usawa wa vifaranga, lakini acha upenyo juu karibu na paa.

Harufu ile inayochoma macho ni amonia, inayotokana na bakteria wanaovunja kinyesi kilicholowa. Pua yako huizoea, kwa hiyo usipime ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa hadi usawa wa vifaranga, wao ndio wanaoivuta. Kuna mzee mmoja alinishauri, "Mwanangu, nyunyizia majivu, harufu itakata." Kwa heshima zote, majivu kwenye maranda yaliyolowa huifukuza amonia itoke kwa wingi zaidi. Dawa ni kutoa kilicholowa.

Kuhusu cha kutandika, maranda ya kiwanda cha mbao ndiyo chaguo langu, unene wa sentimita 8 hadi 10. Vumbi laini la msumeno silipendi, wadogo hulila. Huko Moshi, pumba za mpunga hupatikana kwa urahisi kutokana na mashamba ya umwagiliaji ya Moshi chini. Ni nyepesi na zinafaa, ila hazinyonyi maji kama maranda. Magazeti matupu huteleza, na miguu ya kifaranga hupanuka ikaharibika. Chochote kilichoota ukungu usikiingize hata kama ni cha bure, kwa maana mapafu ya vifaranga wa bata hushambuliwa upesi na ukungu.

Ukitaka kujua hali ilivyo, chota konzi moja na uifinye. Ikibaki donge, imelowa mno. Ikitimka vumbi, imekauka mno. Ikishikana kidogo kisha ikamomonyoka, waache walale.

Ya zamani ninayapeleka kwenye migomba, baada ya kuyarundika nyuma ya banda miezi kadhaa yaoze, maana maranda mabichi hunyang'anya udongo naitrojeni.