Roche Abbey haikupigwa mizinga

Wiki hii tena. Mgeni kasimama chini ya zile kuta mbili ndefu za Roche, magofu ya monasteri karibu na Maltby, Yorkshire ya kusini, Uingereza, kainua shingo, halafu anatikisa kichwa: "Kumbe Henry VIII aliipiga mizinga kweli." Nimeongoza wageni hapa kiasi cha kuijua sentensi hiyo kabla haijatoka mdomoni, na bado inanikera.

Hakukuwa na mzinga. Tarehe 23 Juni 1538 abate, yaani mkuu wa monasteri, na watawa wake walitia saini hati ya kumkabidhi mfalme Henry VIII, aliyekuwa akizifunga monasteri za Uingereza, monasteri yao, ya shirika la watawa wa Kikatoliki la Citeaux, iliyoanzishwa 1147. Yaliyofuata tunayajua kwa Michael Sherbrook, kasisi wa kijiji jirani cha Wickersley, aliyeyaandika miaka mingi baadaye kama alivyohadithiwa na baba yake na mzee mwingine wa ukoo.

Mzee huyo alikuwepo, wakati huo kijana asiye na mke. Mtawa rafiki yake alimsihi anunue mlango wa chumba chake kwa peni mbili. Akakataa: hana nyumba, mlango wa nini? Wengine hawakungoja kuuziwa. Waling'oa makufuli, milango, hata kulabu za chuma ukutani. Vyombo vya mezani vikafichwa kwenye miamba. Vitabu vya ibada vikaishia kuwa viraka vya kufunikia mikokoteni.

Paa lilikuwa la risasi, na hapa Kiswahili chetu huniponza: nikisema risasi, mgeni anasikia bunduki. Nasema madini! Hiyo risasi ndiyo iliyokuwa mali, na iliyeyushwa humohumo kanisani, kuni zikiwa viti vya kwaya ambavyo watawa walikaa kusali. Ukuta uliovuliwa paa hunywa mvua, chokaa inalegea, na jiwe lililokwisha kuchongwa halikosi wa kulichukua. Mtu wa Kilwa au Lamu hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Baba yake Sherbrook mwenyewe alinunua mbao za kanisa na za mnara wa kengele. Mwanawe akaja kumuuliza: uliwaona watawa wale kuwa watu wabaya? La, sikuona sababu. Mbona basi ulikuwa mwepesi wa kubomoa? Mzee akajibu kwamba aliona kila kitu kinaondoka, naye akafanya kama wenzake.

Wageni wangu hawalipendi jibu hilo. Wangependa askari.

Dhana ya pili huja tukishafika kwenye majani: "Afadhali hapa asili imeachwa ijifanyie kazi yake." Asili gani? Bonde hili lilipangwa na Lancelot Brown, fundi wa bustani za mabwanyenye, kwa mkataba wa 1774 na Earl wa Scarbrough, mwenye kasri la Sandbeck hapo jirani. Mkataba uliahidi kazi ya hisia za mshairi na jicho la mchoraji. Jicho hilo lilizipenda kuta ndefu za kanisa tu. Kuta fupi zikafukiwa udongo, juu yake zikaoteshwa nyasi, na ramani nzima ya monasteri ikatoweka machoni pa watu mpaka wachimbaji wa mwishoni mwa karne ya 19 na wa miaka ya 1920 walipoirudisha. Leo misingi iko wazi, kwa hiyo mtu anatembea juu ya kazi iliyomfuta Brown akidhani anatembea juu ya asili. Mimi Brown simchukii. Ukifukia msingi unauhifadhi, ingawa hilo halikuwa lengo lake.

"Kuta hizi fupi ni nyumba ambazo hazikumalizika." Zilimalizika. Ni misingi iliyofukuliwa.

Na njia ya siri ya chini kwa chini, ambayo kila mara ina mtu aliyemfahamu mtu aliyepita humo! Ni mfereji wa maji. Watawa waliuelekeza mkondo wa kijito upite chini ya majengo yao ili usombe uchafu wa vyoo. Ndiyo maana nawaambia wageni waanze ziara langoni, kisha wakifuate kijito, na kuta ndefu waziache mwisho. Hawanisikii. Wote hukimbilia kuta, na baada ya dakika mbili naulizwa habari za mizinga.