Kufunga usukani wa joto: watu huogopa betri, kumbe hatari iko kwingine

Mtu aliyehamia Minneapolis, Edmonton au Umeå akitokea Bujumbura au Tanga hajifunzi kwa kuambiwa. Januari yake ya kwanza inatosha. Kiti cha gari hupata joto haraka, hewa ya hita huchelewa kidogo, na usukani ndio wa mwisho kabisa. Glavu nene hazisaidii sana, maana vidole havihisi usukani vizuri na swichi ndogondogo hazibonyezeki. Kisha anagundua kwamba jirani yake ana gari la modeli ileile, toleo la juu, na usukani wake unapashwa kwa umeme. Hapo ndipo maswali yanapoanza: nami naweza kuufunga kwenye langu?

Mara nyingi inawezekana. Tatizo ni majibu anayopewa. Anatishwa na yasiyotisha, halafu yale ya hatari yanapitwa kimyakimya.

"Utaua betri"

Chini ya ngozi ya usukani wa aina hii kuna waya mwembamba sana, au mkeka wa nyuzi za kaboni, unaopata joto umeme ukipita. Aina nyingi hazifikishi wati 100. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni ampea tano hadi nane hivi. Nyaya za kioo cha nyuma zinazoondoa ukungu hula kama mara mbili ya hapo, na sijasikia mtu akizilalamikia. Alteneta ya gari la kawaida la siku hizi hutoa ampea 90 na kuendelea, na ukizima swichi usukani nao unazima.

Kwa gari la umeme mambo ni kinyume kabisa cha hofu hiyo. Hita ya kupasha hewa ya ndani inaweza kula kilowati kadhaa, na usukani na kiti cha dereva vinakula sehemu ndogo tu ya hizo. Anayetaka kufika mbali kwa chaji moja wakati wa theluji hupunguza hita na kuwasha usukani na kiti.

"Utaungua mikono"

Usukani wa kiwandani una sensa ya joto iliyofichwa karibu na mkeka. Ukishafikia joto linalokaribia la mwili, umeme unakatwa, ukipoa unarudi. Hofu hii ina maana pale tu mtu anaponunua mkeka wa bei ya chini usio na sensa wala kidhibiti, akamwambia fundi wa ngozi aushonee ndani. Huo ndio wa kuuogopa.

"Unatoa wa zamani, unaweka mpya, unachomeka, basi"

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Usukani unazunguka, gari halizunguki. Umeme wa honi, wa vitufe vya redio na wa mfuko wa hewa, yaani eabegi, lazima uvuke kutoka sehemu isiyozunguka kwenda inayozunguka bila waya kujisokota na kukatika. Kazi hiyo hufanywa na kisanduku cha plastiki cha duara, chembamba, kilichokaa nyuma ya usukani. Mafundi hukiita klokispringi. Ukikifungua unakuta utepe bapa wa plastiki wenye vijistari vya shaba ndani yake, umejiviringa. Ukikata kona upande mmoja utepe unajikaza, ukikata upande mwingine unajilegeza.

Kila kijistari kina kazi yake na unene wake. Gari lililotoka kiwandani bila usukani wa joto mara nyingi lina klokispringi isiyo na njia za kubeba ampea za joto. Utafunga usukani mzuri wa ngozi, soketi ya joto itaning'inia nyuma bila pa kuchomekwa. Kwa hiyo orodha ya kununua haina usukani peke yake. Kuna klokispringi ya toleo lenye joto, kitufe cha kuwashia, nyaya za kutoka kwenye boksi la fyuzi na, kwa magari mengi ya Ulaya, moduli ya nguzo ya usukani inayojua kwamba joto lipo. Baada ya hapo kompyuta ya gari inabidi iambiwe. Kwenye Volkswagen au BMW, bila kuisajili kazi hiyo kwa programu, kitufe kitabaki pambo.

Halafu kuna ushauri wa mkato: "Chukua moto kwenye waya wa honi." Waya huo, na kijistari chake ndani ya utepe, kwa kawaida vimewekwa kwa ajili ya kuamsha rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, si kubeba mzigo wenyewe. Ukipitisha ampea sita humo kila siku unapika utepe ambao umelala ubavuni mwa njia za eabegi. Anayetoa ushauri huu hajawahi kuufungua huo utepe akauona.

Klokispringi ina jambo lingine. Lazima ikae katikati. Magurudumu yanyooke mbele, na klokispringi mpya ibaki na pini au gundi yake ya kuishikilia mpaka dakika ya mwisho. Ikizunguka mkononi, irudishwe kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kwa Toyota nyingi, unaizungusha taratibu kinyume cha saa hadi ikaze, kisha unairudisha mizunguko miwili na nusu. Ukikosea hapa gari litatoka gereji vizuri tu. Utepe utakatika siku utakapokata kona hadi mwisho kwenye maegesho, na hapo honi, vitufe na taa ya eabegi vitakujulisha kwa pamoja.

"Eabegi ni eabegi, mradi imeingia"

Eabegi ni baruti yenye waya. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoishika kama redio. Kutoa waya wa betri na kuivuta papo hapo hakutoshi, maana moduli ya eabegi huhifadhi umeme wa akiba kwenye kapasita ili ifanye kazi hata betri ikipondwa kwenye ajali. Toyota huandika angalau sekunde 90 za kusubiri, wengine huandika dakika kadhaa. Usiipime kwa mita ya kawaida kujua kama ni nzima, kwa sababu umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua. Ukiishaitoa, ilaze uso juu, mbali na kichwa chako.

Eabegi ya usukani wa toleo la juu inaweza isilingane na kompyuta ya gari lako. Nyingine zina hatua moja ya kufyatuka, nyingine mbili, na soketi hutofautiana. Kama ya kwako inaingia kwenye usukani mpya kwa namba zilezile za spea, baki nayo. Nasisitiza hili kwa sababu ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikitengeneza eabegi. Kemikali iliyotumika katika eabegi nyingi za kampuni hiyo, amonia naitreti, huharibika taratibu kwa joto na unyevu, kisha siku ya ajali hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Marekani peke yake takriban eabegi milioni 67 ilibidi ziitwe zirudishwe na kubadilishwa. Gari likibomolewa kabla halijarekebishwa, eabegi yake inaweza kuishia kwenye yadi ya spea, imefutwa vumbi na kubandikwa bei. Omba namba ya chasisi ya gari ilikotoka, uitafute kwenye tovuti ya wito wa usalama. Muuzaji asipoitoa, mwachie usukani wake.

Kuna na usukani wenyewe. Umegoma kutoka kwenye meno ya shafti? Usiupige kwa nyundo, kuna vifaa vya kuvutia. Legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache, la sivyo usukani utaachia ghafla na kukupiga puani. Weka alama ya nafasi yake kabla hujautoa. Bolti nyingine ni za kutumika mara moja tu, na kukazwa kwake kuna kipimo.

"Waranti yote imekufa"

Marekani si hivyo. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 haimruhusu mtengenezaji kukunyima waranti ya gari zima kwa sababu tu umeweka kifaa kingine. Lazima ionekane kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta tatizo. Lakini ukiunguza klokispringi kwa mkato wa honi, hiyo ni yako. Ujerumani mzigo uko upande mwingine. Usukani usio na kibali kwa aina ya gari lako unaweza kulifutia gari ruhusa ya kuwa barabarani, kwa hiyo karatasi hutangulia spana.

Kuhusu gari jipya lenye uwezo wa kushika njia lenyewe, mimi ningesita. Nyingi zina mkeka mwingine ndani ya usukani unaohisi kama mikono ipo. Ukibadilisha usukani bila kuujali, gari litakulaumu kila mara kwamba umeachia.

"Unapata joto mzunguko mzima"

Si lazima. Toyota na Lexus kadhaa hupasha pande mbili tu zenye ngozi, kushoto na kulia. Juu na chini, hasa penye mbao, panabaki baridi. Anayependa kuendesha kwa mkono mmoja uliowekwa juu kabisa aujaribu kabla ya kulipa.

"Kava ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara ni kitu kilekile"

Hapana. Ina waya unaozunguka pamoja na usukani, unajisokota kwenye nguzo na unaweza kukwama katikati ya kona. Kava yenyewe inaweza kuteleza. Sioni sababu ya kuinunua.

"Siku hizi ni programu tu"

Wakati mwingine ni kweli. Desemba 2020 wenye Tesla Model Y za mwanzo walipata usukani wa joto kupitia masasisho, kwa sababu mkeka ulikuwemo tangu kiwandani. BMW nayo mwaka 2022 ilikuwa ikiwatoza wateja wa Uingereza pauni 10 kwa mwezi kwa kuufungulia. Kelele zikawa nyingi, na 2023 ikatangaza kuachana na kukodisha joto la viti. Kabla hujanunua spea, muulize fundi aangalie kama mkeka tayari umo.

Swali hilo lina maana hata kwa waliobaki nyumbani. Magari ya mtumba kutoka Japani, hasa yaliyotengenezwa kwa mikoa ya baridi kama Hokkaido, huja Mombasa na Dar es Salaam na kitufe cha usukani wa joto ambacho mwenye gari hajawahi kukibonyeza. Klokispringi ikifa, muuzaji wa spea anaweza kumpa ya toleo la kawaida. Honi inarudi, taa ya eabegi inazima, na kwa Dar hakuna atakayejua kilichopotea. Wa Makete au Kinangop, ambako baridi ya Julai huleta barafu kwenye majani, aende dukani na ile mbovu mkononi, ahesabu pini za soketi kabla ya kulipa.