Uhakiki wa picha ni nini, na kwa nini "nzuri sana" haitoshi

Mtu anayeanza kupiga picha akipata moja anayojivunia, lazima awaonyeshe wenzake. Hapa Moshi majibu huwa ya aina mbili. Wanaompenda watasema "umeua", "kali hiyo", "bonge la picha". Wasiompenda, au waliochoka siku hiyo, wataiponda. Majibu yote mawili yanaishia palepale: kesho akishika simu atapiga vilevile alivyopiga jana.

Uhakiki wa picha ni jibu la tatu. Neno lenyewe ni ndugu wa hakika na hakikisha. Kuhakiki ni kukichunguza kitu mpaka ujue kikoje. Mhakiki anaitazama picha, anasema jicho lake limeona nini, anaeleza kilichosababisha, kisha anamwachia mpigaji jambo la kujaribu atakaporudi. "Picha ina giza" ni mwanzo tu wa kazi hiyo. "Uso una giza kwa sababu nyuma yake kuna ukuta mweupe unaopigwa na jua, na kamera imeufuata ukuta. Kabla ya kupiga, gusa uso wake kwenye kioo cha simu" ndiyo kazi iliyokamilika.

Nikae kidogo hapo kwenye ukuta mweupe, kwa sababu umewaumiza wengi. Kipimo cha mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa dhana kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga la mchana, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga wote, na uso unapotea. Simu za siku hizi hujitahidi kuutambua uso, lakini hazifaulu kila mara. Anayeanza asipoelezwa hivyo huamini simu yake ni mbovu, au huamini jambo baya zaidi. Nimewahi kumsikia binti akikataa kupigwa picha: "Mimi sitoki vizuri, ni mweusi mno." Aliyempiga kabla ya hapo hakuwa amehakikiwa na mtu yeyote, na gharama ikamwangukia yule binti.

Kuhusu namna ya kufanya, nina mfano wa nyumbani. Mpwa wangu alipiga picha ya mama yangu, yaani bibi yake, kihambani kwetu, yaani shamba la migomba la nyumbani, akimenya ndizi mshare za mtori. Akaniletea.

"Shikamoo mjomba. Niambie ukweli."

"Marahaba. Ulipomwona bibi pale, nini kilikufanya utoe simu?"

"Mikono yake. Anamenya bila kutazama kisu."

Swali hilo linatangulia mengine yote. Bila kujua mpigaji alikusudia nini, unahakiki picha iliyo kichwani mwako na kuiacha ile uliyoonyeshwa. Nikaitazama upya. Mikono ilikuwa midogo, chini kabisa, mmoja umekatwa na ukingo wa picha. Jicho langu lilikuwa linakimbilia ndoo ya buluu iliyokaa pembeni. Usoni mwa mama kulikuwa na mabaka ya jua lililopenya kwenye majani ya migomba, jeupe hapa, giza pale.

Nilianza na kilichofanikiwa, kwa jina lake. Kisu kilikuwa katikati ya ndizi na ganda limening'inia, halijakatika. Maana yake alisubiri. Nikamwambia, "Hapa ulingoja. Usiache kungoja hivyo." Sifa ya namna hii ni sehemu ya uhakiki kamili, kwa kuwa mtu anahitaji kujua cha kurudia sawa na anavyohitaji kujua cha kuacha. "Nzuri sana" haimwambii hata kimoja.

Kisha nikamwambia mambo mawili tu. "Umesema mikono, lakini ndoo ina rangi kali kuliko kitu chochote hapo, ndiyo inayoniita. Iondoe, uchuchumae usawa wa magoti yake, usogee mpaka mikono ijae nusu ya picha. Na jua la saa sita likipita kwenye migomba linachora mabaka. Mhamishie barazani kwenye kivuli kizima, au ngoja saa kumi na moja jioni."

Nilikuwa nimeona mengine matano. Niliyaacha. Mtu anaweza kubeba jambo moja au mawili mpaka atakaporudi kupiga. Ukimpa saba atayadondosha yote njiani. Wahakiki wengi wenye ujuzi wanakosea hapa, wanamwaga kila wanachokijua.

Wengine wanakosea kwa upole. Mimi nilipoanza, nilikuwa nampelekea fundi mmoja wa studio picha zangu kila mwezi. Kila mara alinijibu "safi, kaza buti." Mwaka mzima nilikata watu kwenye vifundo vya miguu, na picha za harusi ya dada yangu zimo humo. Sentensi moja tu ingetosha: mwache mtu mzima mpaka nyayo, au mkatie juu ya magoti. Upole wake ulininyima sentensi hiyo, na ile harusi hairudiwi.

Kuna picha nyingine ambayo kila mkazi wa Moshi anaijua. Rafiki amesimama mbele, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma. Asubuhi mlima ulikuwa umejaa anga lote la kaskazini, lakini kwenye picha umekuwa kichuguu. Anayeponda atasema "mlima hauonekani". Mhakiki ataeleza kwamba lenzi kuu ya simu ni pana, na kila kilicho mbali inakipunguza. Kilele kiko zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua kumi na tano mlima haubadiliki hata kidogo, ila rafiki anakuwa mdogo. Sasa vuta lenzi mara mbili au tatu: rafiki anarudi ukubwa wake, na mlima umekua pamoja naye. Na afike mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Ushauri huu hauhitaji kamera mpya. "Nunua kamera" nimeusikia ukitolewa kama uhakiki. Ni jibu la mtu ambaye hajaitazama picha.

Lipo suala la heshima, na kwetu si dogo. Kijana akiombwa maoni na mtu aliyemzidi umri, maneno hubadilika ila ukweli unabaki. "Mzee, hapa ulikusudia uso ubaki kizani?" Swali kama hilo linampa nafasi ya kusema ndiyo, nilikusudia, na huenda kweli alikusudia. Au atanyamaza, atazame, ajionee mwenyewe. Kosa la mtu mzima halitajwi mbele za watu. Msubiri muwe wawili. Kwa kweli hata kwa kijana ni vizuri kufanya hivyo.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote: kutenganisha kosa na ladha. Fokasi iliyoangukia ukutani badala ya machoni ni kosa, kama mpigaji alitaka macho. Nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa bibi harusi ni kosa. Lakini rangi za kukolea, picha nyeusi na nyeupe, mtu kuwekwa katikati badala ya kwenye theluthi (yaani pembeni kidogo, ukiigawa picha sehemu tatu sawa), hayo mara nyingi ni ladha. Mhakiki mwaminifu hutamka tofauti hiyo: "hili ni tatizo", kisha "hili mimi ningefanya vingine". Asipotenganisha, anayeanza hujikuta anapiga picha za mwalimu wake.

Mpwa wangu alirudi baada ya siku tatu na picha mpya, kutoka barazani. Ndoo haikuwepo. Mikono ya mama ilijaa, mishipa inaonekana, na utomvu wa ndizi umeacha weusi kwenye vidole. Chini kushoto kulikuwa na rundo la maganda, limekatwa nusu na ukingo. Nikamuuliza kama aliliona.

"Nililiona, mjomba. Ni ya ng'ombe. Bibi akimaliza kumenya ndiko anakokwenda."

Mimi ningeliondoa. Nikamwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba hilo ni langu. Maganda yakabaki.